Amana na Dhamana: Maneno Mawili Yasichanganywe

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Wilaya za Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani.)



Mmeniomba nizungumze juu ya neno "amana": maana yake katika Kiarabu lilikotoka, matumizi yake katika dini ya Kiislamu, na nafasi yake katika Kiswahili chetu. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini tangu mwanzo naomba ruhusa ya kuongeza neno la pili, nalo ni "dhamana". Maneno haya mawili hufanana masikioni, na katika mikutano yetu hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kiongozi husema leo kwamba cheo chake ni amana, kesho akasema ni dhamana, na wasikilizaji hupiga makofi mara zote mbili. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu hawakuyachanganya. Waliyatenganisha kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa tofauti yake ndiyo inayoamua nani atalipa mali ya mtu ikipotea.

Hapa kwetu Kibaha na Kisarawe jambo hili lina uzito wa pekee. Mji wa Dar es Salaam unatusogelea mwaka hadi mwaka, na shamba la mikorosho la jana ndilo kiwanja cha leo. Kwa hiyo tofauti ya maneno haya inamgusa kila mwanakijiji mwenye ardhi na kila mtumishi mwenye muhuri. Ninyi mlioketi hapa ndio mnaoshika mihuri, madaftari na watoto wa watu. Ndiyo maana nimeona niyaseme haya mbele yenu.

SHINA LA MANENO

Neno amana limejengwa juu ya herufi tatu za Kiarabu: alifu, mimu na nuni. Katika shina hilo yamechipuka maneno ambayo Mswahili huyatumia tangu asubuhi hadi usiku bila kukumbuka kwamba ni ndugu: amani, imani, kuamini, uaminifu, muumini. Maana ya asili ya shina hilo ni usalama, yaani kutokuwa na hofu. Mwenye amani hana hofu na jirani yake. Mwaminifu ni yule ambaye watu hawana hofu naye. Na amana ni kile kitu ambacho mtu humwachia mwenzake, akaenda safari yake bila hofu.

Dhamana lina shina lingine: dhadi, mimu na nuni. Hapa maana ya asili ni kitu kuwamo ndani ya kitu kingine. Mdhamini ni mtu aliyeliingiza deni la mwenzake ndani ya dhima yake mwenyewe. Mafakihi wameeleza kwamba kudhamini ni kuiunganisha dhima moja na dhima nyingine. Mwenye deni akishindwa, mdhamini hulipa, wala hasikilizwi akisema kwamba si yeye aliyekula fedha.

Kiswahili kimeyapokea maneno yote mawili na kuyapa kazi nyingi. Benki huita amana zile fedha ambazo wateja wameziweka. Wakazi wa Ilala wana hospitali iitwayo Amana. Wakristo hulikuta neno hilo katika tafsiri ya Kiswahili ya barua za Paulo kwa Timotheo, pale anapoagizwa kuilinda amana aliyopewa. Kwa hiyo, ijapokuwa nitasema sana juu ya mafundisho ya Kiislamu, asidhani ndugu yeyote Mkristo kwamba hayamhusu. Neno limekwisha kuwa la Waswahili wote.

Dhamana nayo imesafiri mbali. Mahakamani mshitakiwa huwekewa dhamana. Katika hati za Serikali tunasoma juu ya "Waziri mwenye dhamana" ya elimu au ya ardhi. Misikiti, makanisa na vyama vina mabaraza ya wadhamini. Na katika miaka ya karibuni neno "mdhamini" limepewa maana nyingine kabisa: kampuni inayotoa fedha ili jina lake liandikwe kwenye jezi za wachezaji. Mdhamini wa namna hiyo hadaiwi kitu timu ikifungwa. Simlaumu mfanyabiashara huyo. Nasema tu kwamba mtoto anayelisikia neno hilo kwanza uwanja wa mpira atapata shida kuelewa kwa nini wazee wake walisema kwamba cheo ni dhamana.

AMANA KATIKA MAFUNDISHO YA DINI

Katika Kurani neno amana limetajwa mahali kadhaa, na kila mahali limeongeza jambo. Katika Sura ya Ahzab, aya ya 72, tunaelezwa kwamba amana ilidhihirishwa kwa mbingu, ardhi na milima, navyo vikakataa kuibeba kwa hofu. Mwanadamu akaibeba, naye akaelezwa hapo hapo kuwa ni dhalimu na mjinga. Wafasiri wamefahamu amana hiyo kuwa ni wajibu wote ambao mtu amewekewa na Mola wake. Katika Sura ya Muuminun, aya ya 8, kutunza amana na ahadi kumehesabiwa miongoni mwa sifa za waumini waliofaulu, pamoja na sala na zaka.

Lakini aya ambayo mtumishi wa umma ingemfaa kuijua zaidi ni ya 58 katika Sura ya Nisaa. Humo Mwenyezi Mungu anaamuru mambo mawili kwa pamoja: amana zirudishwe kwa wenyewe, na watu wahukumiwe kwa haki. Tazameni neno "wenyewe". Amana siku zote ina mwenyewe. Mtu asiyemjua mwenye kitu hawezi kusema kwamba anakitunza kama amana.

Wafasiri wengi wanasimulia kwamba aya hiyo ilihusu ufunguo wa Al-Kaaba. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoingia Makka mwaka 630, ufunguo ulikuwa mikononi mwa Uthman bin Talha, ambaye ukoo wake ulikuwa na kazi hiyo tangu zamani. Ulichukuliwa kwake ili nyumba ifunguliwe. Wapo waliotamani kazi hiyo iingie katika ukoo wa Mtume mwenyewe. Mtume akamwita Uthman na kumrudishia ufunguo wake. Mshindi aliyekuwa na jeshi zima nyuma yake alirudisha ufunguo kwa mtu mmoja, kwa sababu ulikuwa wa mtu huyo.

Miaka minane kabla ya hapo, mwaka 622, jambo kama hilo lilitokea katika hali ya hatari. Watu wa Makka walikuwa wakimwita Muhammad "Al-Amini", na hata baada ya wengi wao kuupinga ujumbe wake, waliendelea kuweka mali zao kwake. Usiku alipohama kwenda Madina, huku wakipanga kumuua, alimwacha Sayyidina Ali nyuma ili arudishe amana za watu hao. Mtu angeweza kusema kwamba mali ya adui anayetaka kukuua ni halali yako. Yeye hakusema hivyo.

Na je, cheo ni amana? Swali hilo lilijibiwa zamani. Sahaba Abu Dharr aliomba apewe madaraka. Mtume akamweleza kwa upole kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba madaraka ni amana ambayo Siku ya Kiyama huwa fedheha na majuto, isipokuwa kwa yule aliyeyachukua kwa haki yake na kutimiza wajibu wake. Abu Dharr alikuwa mchaji Mungu na mkweli, wala hapakuwa na shaka juu ya imani yake. Lakini uchaji peke yake haukutosha. Kazi ilihitaji na uwezo.

Kuna kisa kingine ambacho natamani kila ofisi ingekijua. Mtu mmoja aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka. Aliporudi aligawanya alivyokuja navyo mafungu mawili, akasema: fungu hili ni lenu, na hili nimepewa mimi kama zawadi. Mtume alipanda mimbari akauliza mbele ya watu wote, kwa maana hii: kama mtu huyu angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hizo zingemfuata huko? Swali hilo halijazeeka. Kila mtumishi anaweza kujiuliza anapopewa bahasha: mtoaji angeniletea bahasha hii kama ningekuwa mkulima wa mihogo kule Vikumburu, sina kiti wala muhuri?

MIKONO MIWILI

Sasa tuje kwenye tofauti niliyoahidi. Mafakihi wanasema kwamba mtu anayeshika mali ya mwenzake huwa ana mmoja wa mikono miwili: mkono wa amana au mkono wa dhamana.

Mwenye mkono wa amana ameshika mali kwa ridhaa ya mwenyewe na kwa manufaa ya mwenyewe. Tuseme jirani yako anasafiri kwenda Mafia, anakuachia baiskeli yake umtunzie. Usiku nyumba yako inaungua pamoja na baiskeli hiyo, wala hukufanya uzembe wowote. Hulipi. Ulikuwa unamfanyia hisani, na haifai mtu aadhibiwe kwa hisani yake.

Mwenye mkono wa dhamana hana udhuru huo. Ukiichukua baiskeli ya mtu kwa nguvu, nayo ikaungua katika moto ule ule, utailipa hata kama moto haukuwasha wewe. Na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi pwani yetu, mtu aliyeazima kitu kwa faida yake mwenyewe huhesabiwa hivyo pia: kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, hulipa. Hoja yao mojawapo ni kisa cha Safwan bin Umayya, aliyeombwa na Mtume deraya zake za vita mwaka 630, kabla ya vita vya Hunain. Safwan, ambaye alikuwa bado hajasilimu, aliuliza kama ananyang'anywa. Akajibiwa kwamba la, ni azima yenye dhamana. Neno lenyewe limo katika kisa hicho. Mtawala alikubali kuwa mdaiwa wa raia asiye wa dini yake.

Kwa ufupi, anayeshika kwa manufaa ya mwenyewe ni amini, na anayeshika kwa manufaa yake mwenyewe, au bila ridhaa ya mwenye mali, ni mdhamini. Sasa mtumishi wa umma ni yupi? Wengi wetu tungependa kuitwa amini, tukasamehewa mali ikipotea. Lakini tunalipwa mshahara, tunapewa nyumba, tunaheshimiwa barabarani. Imepokewa kutoka kwa Sayyidina Ali, ijapokuwa wanazuoni wa hadithi wamebishana juu ya nguvu ya upokezi huo, kwamba aliwatoza mafundi vitu vya watu vilivyopotea mikononi mwao, kwa hoja kwamba bila hivyo mambo ya watu hayatengemai. Fundi cherehani na mpaka rangi walipokea ujira. Wakahesabiwa kuwa na dhamana ili wasizembee.

Mimi naona kwamba waliotunga ahadi za mwanachama wa TANU, ambazo Chama Cha Mapinduzi kilichozaliwa tarehe 5 Februari, 1977 kilizirithi, walichagua neno lililo zito zaidi. Walisema kwamba cheo ni dhamana. Wangeweza kusema amana, nalo lingesikika tamu zaidi. Lakini anayetamka dhamana mbele ya watu amekubali kudaiwa.

AMANA INAVYOHARIBIKA

Hata yule aliye amini kweli anaweza kuugeuza mkono wake kuwa wa dhamana kwa matendo yake. Mafakihi wa Kishafii wameyaorodhesha matendo hayo. Nayataja baadhi, nanyi mpime wenyewe.

La kwanza ni kumkabidhi mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe. Mwenyekiti anayemwachia dalali muhuri wa kijiji mfukoni mwake, eti ili wateja wasisumbuke, amefanya hilo.

La pili ni kuitumia. Gari la idara linalobeba mkaa wa mkubwa siku ya Jumapili halina haja ya maelezo zaidi.

La tatu ni kutoilinda kama vitu vya aina yake vinavyolindwa. Daftari la mihtasari ya mikutano likiliwa na mchwa katika ofisi isiyo na kabati, kosa haliwi la mchwa.

La nne ni kuichanganya na mali yako hata isitambulikane. Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi, nilikabidhiwa michango ya wazazi kwa ajili ya madawati. Niliiweka katika mtoto wa meza pamoja na mshahara wangu. Sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Siku ya kumlipa seremala, fedha hazikutosha, na sikuweza kujua kama nilichokuwa nimenunulia unga na mafuta ya taa ni changu au ni cha wazazi. Nililipa pengo hilo kwa mishahara ya miezi miwili. Miaka mingi baadaye niliposoma kwamba kuchanganya peke yake kunatosha kuleta dhamana, hata bila wizi, nilielewa ni kwa nini sikuweza kumtazama seremala yule machoni. Leo fedha hizo huchanganywa katika simu ya mkononi badala ya mtoto wa meza, lakini hukumu ni ile ile.

La tano ni kuikana, na la sita ni kuchelewa kuirudisha mwenyewe anapoidai, bila udhuru. Hili la mwisho naomba tulikawilie, maana lina historia kubwa hapa jirani.

Kuanzia mwaka 1946 nchi yetu ya Tanganyika iliitwa nchi ya udhamini. Umoja wa Mataifa uliikabidhi kwa Uingereza iitawale mpaka wananchi wenyewe wawe tayari kujitawala. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotembelea nchi mwaka 1954 uliona kwamba uhuru ungeweza kupatikana katika muda wa miaka 20 hadi 25, na Serikali ya kikoloni haikupenda hata kuwekewa muda huo. Mwezi Machi, 1955, mwalimu mmoja wa shule ya Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe, alisafiri hadi New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini. Mwalimu huyo alikuwa Julius Nyerere. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu. Alichokwenda kukisema, tukikiweka katika lugha ya mazungumzo yetu ya leo, ni kwamba mwenyewe yupo, anajulikana, na anadai chake. Tarehe 9 Desemba, 1961 amana hiyo ilirudishwa, kabla ya miaka saba kutimia tangu adaiwe mshikaji.

ARDHI YA VIJIJI VYETU

Tukumbuke pia kwamba Wajerumani, kwa amri ya mwaka 1895, walitangaza ardhi ya nchi hii kuwa mali ya taji lao, isipokuwa pale ambapo mtu aliweza kuthibitisha haki yake. Taji halikumuuliza Mzaramo wa Maneromango. Sheria zetu za leo zinasema vingine. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huo huo inaishusha kanuni hiyo hadi kijijini: Halmashauri ya Kijiji inaisimamia ardhi kama mdhamini, na wanakijiji ndio wanaosimamiwa mali yao. Halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano wa Kijiji. Tena inapaswa kuueleza Mkutano huo jinsi inavyoisimamia ardhi, na kuyazingatia maoni yake.

Kwa hakika mdhamini wa sheria hizi, kwa jinsi anavyoelezwa, yuko karibu sana na yule amini wa mafakihi: ameshika kwa manufaa ya wengine. Lakini Kiswahili kimempa jina la mdhamini, na naona Kiswahili kimetenda vema. Kinamwonya mapema kwamba akivuka mpaka, atalipa.

Basi tutazame kinachosemwa vijijini, kutoka Mlandizi na Soga hadi Msanga na Mzenga. Mnunuzi anakuja kutoka mjini na fedha mkononi. Dalali anamwonyesha shamba. Mjane anayelima shamba hilo anapewa siku tatu za kufikiri. Karatasi inaandikwa, mashahidi wanatafutwa, muhuri unagongwa, na hapo husikika habari ya "asilimia ya ofisi". Sisemi kwamba kila ofisi hufanya hivyo, wala sisemi kwamba kila fedha inayolipwa ofisini ni haramu. Nauliza maswali mawili. Je, fedha hiyo iliandikiwa stakabadhi? Je, ilisomwa katika Mkutano wa Kijiji? Kama jibu ni la, basi tumemrudia Ibn al-Lutbiyya na mafungu yake mawili, nasi tunajua lipi kati ya mafungu hayo lilikataliwa juu ya mimbari.

Hasara yake haimwishii mjane yule. Kiwanja kimoja kikiuzwa kwa watu watatu, watatu wote huja na karatasi zenye muhuri ule ule. Kesi huanza katika baraza la kijiji, hupanda hadi kwenye baraza la wilaya, na miaka hupita. Kijana aliyekuwa arithi ekari mbili za mihogo anahamia mjini kupanga chumba, na hana atakachorudia. Wanakijiji wakikoma kuuamini muhuri, hata mtendaji mwaminifu atakayekuja baadaye atakuta hakuna anayemsikiliza. Tulikwisha sema kwamba shina la amana ni kutokuwa na hofu. Pale mwanakijiji anapomwogopa mshika muhuri, neno limekwisha kufa, hata kama bado linatajwa katika hotuba.

AMANA YA MWALIMU

Ndugu walimu, sijawasahau. Mzazi anayemtoa mtoto wake asubuhi akarudi shambani bila hofu amewawekea amana ambayo hakuna stakabadhi yake. Mtoto hafanani na baiskeli, maana haiwezekani kumrudisha kama alivyokuja. Mzazi anatarajia arudi akiwa amezidi. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuiharibu amana kwa kukaa tu. Kipindi cha dakika arobaini kilichopita bila kufundishwa hakirudi tena, na hakuna mkaguzi atakayekiona kabatini.

Wilaya hizi zina historia ya kujivunia katika jambo hili. Mwaka 1963 nchi za Nordiki, kwa makubaliano na Serikali ya Tanganyika, zilianza mradi mkubwa pale Kibaha, wenye shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa Watanzania wenyewe, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kule Kisarawe ipo Minaki, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana na ikawa shule ya watoto wa taifa zima. Majengo hayo yalijengwa na watu ambao wengi wao wamekwisha kufa. Sisi tumeyakuta. Tulichokuta tumekishika kwa niaba ya watakaokuja baada yetu, kama tulivyoushika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao mti wake mmoja mkubwa hukatwa kwa asubuhi moja na kuzalisha magunia machache tu ya mkaa.

NINALOWAOMBA

Ndugu zangu, sikuja kuwaomba muyaseme maneno haya mara nyingi zaidi. Yanasemwa vya kutosha. Nawaomba mlipotamka neno amana, mweze kumtaja mwenyewe kwa jina: ni wazazi wa shule hii, ni wanakijiji wa kijiji hiki. Na mlipotamka neno dhamana, muwe tayari kulipa.

Kwa mtendaji wa kijiji, kulipa huko kunaanza kwa mambo madogo. Fedha ya watu ikae mbali na fedha yake. Muhuri ukae katika kabati, na ufunguo ukae kwake. Mkutano wa Kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu kama ilivyopangwa, daftari lifunguliwe mbele ya watu, na swali la mwanakijiji lijibiwe siku hiyo hiyo bila kumwambia arudi mwezi ujao. Na akiona kwamba kazi imemzidi uwezo, akumbuke kwamba Abu Dharr hakudharauliwa kwa kuambiwa ukweli.

Kwa walimu wa lugha nina ombi la ziada. Wafundisheni vijana tofauti ya maneno haya mawili wakiwa bado darasani. Watoto mnaowafundisha leo ndio watakaoshika mihuri ya vijiji hivi kesho. Afadhali wajue mapema kwamba kuna mkono unaosamehewa na mkono unaodaiwa, na kwamba wao, kwa mshahara na heshima watakayopewa, wataunyosha ule wa pili.